Magofu ya Gede na Wenyewe Wasioonekana

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, akisha kupita Kilifi na kuuacha msitu wa Arabuko-Sokoke upande wake wa kushoto, hufika kijiji cha Gede. Hapo huchepuka njia iendayo Watamu na baharini, na mwendo mfupi kutoka njiani, katikati ya miti mikubwa, umesimama mji usio na watu. Ukuta wake wa nje umezunguka eneo la eka 45 hivi. Ndani yake mna msikiti wa Ijumaa na misikiti mingine midogo, jumba la mtawala, nyumba za matajiri zilizojengwa kwa kubanana, visima, na makaburi ya nguzo ya namna ile ionekanayo katika pwani yote ya Waswahili. Mapaa yalikwisha anguka zamani. Miti imeota sebuleni, mizizi imeteremka juu ya kuta na kuingia katika nyufa zake, na tumbili hukaa pale zilipolazwa boriti.

Watu wa vijiji vya jirani husimulia kwamba magofu haya yana wenyewe. Wenyewe hao huitwa Wazee. Hawaonekani, lakini wao huona. Na mtu akiondoka na kitu cha mji, japo kigae, au akiufanyia utovu wa adabu, humfuata mpaka kwake. Kwa hiyo, wasema wasimulizi, haifai kukaa humo jua likisha kuchwa.

Wala si wanakijiji peke yao waliohisi hivyo. James Kirkman, Mwingereza aliyeanza kuyafukua magofu haya mwaka 1948, alikiri katika maandishi yake kwamba siku za mwanzo za kazi alijiona kama anatazamwa kutoka nyuma ya kuta. Hakudai kwamba aliona mzuka. Alikuwa mtu wa vipimo na ramani, na vitabu vyake vimejaa hesabu za vigae na unene wa kuta. Lakini hakuona haya kuiandika hisia hiyo, nasi yatupasa kumshukuru kwa uaminifu wake.

Makala haya hayana nia ya kuthibitisha kuwapo kwa mizuka wala kukukanusha. Swali langu ni jingine. Mahali panaposemwa kuwa na wenyewe wasioonekana pamechunguzwaje, na uchunguzi huo umewapa nini, na umewanyang'anya nini, wale wanaokaa karibu napo? Katika kulijibu swali hili nitaanza mbali kidogo, kwa sababu desturi ya kuchunguza majumba yenye mizuka ina historia yake, na historia hiyo yatusaidia kuyaona yetu kwa macho mengine.

Huko Uingereza, katika kijiji cha Borley, palikuwa na nyumba kubwa ya kasisi iliyojengwa kwenye miaka ya 1860. Ilisemwa kwamba mtawa wa kike hupita bustanini, kengele hulia bila ya mtu kuzivuta, na mawe hutupwa kutoka pasipojulikana. Mwaka 1929 alifika huko Harry Price, mtu aliyejijengea sifa ya kuchunguza mambo ya namna hii, na mwezi Mei mwaka 1937 aliikodi nyumba hiyo kwa muda wa mwaka mzima. Akatangaza gazetini kwamba anatafuta wasaidizi, akapata waangalizi 48, akawapa maagizo ya maandishi, na wakawa wanapokezana kukesha humo, wakipima joto la vyumba na kuandika kila mlio waliousikia. Nyumba iliungua mwaka 1939. Mwaka uliofuata Price alichapa kitabu alichodai humo kwamba hapana nyumba nyingine Uingereza iliyozidiwa na mizuka kama ile, na kitabu kikanunuliwa sana. Lakini mwaka 1956 wachunguzi watatu, watu wa chama kile kile cha utafiti wa mambo ya roho, walitoa taarifa ndefu iliyoonyesha kwamba mengi ya Borley yalikuwa kazi ya panya, ya upepo, ya watu waliokuwa wakikaa ndani, na kwamba Price mwenyewe hakuwa mbali na shaka. Yeye hakuwapo kujibu, kwa kuwa alifariki mwaka 1948; mwaka ule ule, kwa bahati tu, ambao Kirkman alianza kuchimba Gede.

Marekani nako, katika milima ya Colorado, iko Hoteli ya Stanley katika mji wa Estes Park. Mwenye kuijenga, Freelan Oscar Stanley, alipata mali pamoja na ndugu yake pacha kwa kutengeneza bamba za kupigia picha na motokaa za mvuke. Mwaka 1903 alikwenda milimani akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, hewa ya huko ikampa afya, na mwaka 1909 akafungua hoteli kubwa nyeupe kwa ajili ya matajiri wenziwe. Mwaka 1911 gesi ililipuka katika chumba ambacho leo ni nambari 217 na kumjeruhi mtumishi mmoja wa kike, ambaye hakufa. Kwa miaka mingi hoteli hiyo ilikuwa hoteli tu, na baadaye ikachakaa. Kisha mwaka 1974, siku za mwisho za msimu, walilala humo mwandishi Stephen King na mkewe, wakiwa karibu wageni peke yao katika jumba zima, chumba chao kikiwa hicho hicho 217. Usiku ule ulizaa kitabu chake kilichotoka mwaka 1977, habari za hoteli inayommaliza mlinzi wake. Tangu hapo mizuka ya Stanley ikazidi kusikika: kinanda kinachopigwa na asiyeonekana, na watoto wanaokimbia katika ujia wa orofa ya nne. Mwaka 2006 walifika wachunguzi wa kipindi cha televisheni na vinasa sauti, vipima sumaku na kamera za kuonea gizani. Wageni wengi sana wamelipa kutembezwa humo usiku.

Msomaji ataona mpangilio wa matukio. Kwanza kilitangulia kitabu cha hadithi, mizuka ikaongezeka, vyombo vikafuata, na mwishowe tikiti. Sisemi kwamba kila aliyesikia kinanda alisema uongo. Mwaka 1998 fundi mmoja wa Kiingereza, Vic Tandy, alieleza jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakishikwa na hofu katika maabara yao, wakiona kivuli cha kijivu kwa pembe ya jicho, mpaka alipogundua kwamba feni moja ilikuwa ikitoa mtetemo wa mara 19 hivi kwa nukta, mlio ambao sikio halisikii ila mwili huupokea. Feni ilipotengenezwa, kivuli kikatoweka. Huenda jumba kubwa la milimani nalo likawa na mitetemo yake. Lakini hoja yangu haihusu feni. Katika Borley na Stanley, mchunguzi huketi gizani akimngoja mzuka aje kwake. Hamtafuti aliyekuwa mwenye nyumba. Hamuulizi yule mtumishi wa kike alilipwa kiasi gani wala alitoka kwa nani. Mfu hutakiwa atoe sauti usiku, basi, kisha wageni huenda kulala.

Kiswahili chenyewe kinatuonya tusiyachanganye mambo haya. Tuna neno mzuka, litokalo katika kuzuka: ni kitu kinachotokea ghafula na kutisha, hakina ukoo. Tuna pepo na jini, ambao si wafu kabisa, bali ni viumbe vyenye makao, majina na matakwa yao. Na tuna mzimu, neno ambalo ni la mfu mwenye watu wake, na pia ni la pahali, mtini au pangoni, watu wanapokwenda kuomba na kuweka sadaka. Mijikenda nao husema koma, yaani mzee aliyekufa ambaye angali na haki juu ya walio hai, na ambaye huzijia ndoto zao akisahauliwa. Mzuka hukimbiwa, koma hutunzwa. Anayetafsiri maneno haya yote kwa neno moja la kigeni amekwisha kosea kabla ya kuanza uchunguzi.

Sasa turejee Gede. Sir John Kirk, balozi wa Kiingereza wa Unguja, aliyazuru magofu haya mwaka 1884. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni iliyatangaza kuwa mahali pa kumbukumbu ya kale, na mwaka 1948 yakafanywa hifadhi ya taifa, Kirkman akawekwa kuwa mlinzi wake. Kazi aliyoifanya yeye na wafanyakazi wake kwa muda wa miaka kumi hivi ilikuwa kinyume kabisa cha ile ya Price. Price alikesha, Kirkman alichimba mchana. Price alingoja sauti, na Kirkman aliosha vigae.

Walichokitoa ardhini kilikuwa kingi. Karibu na msikiti mkuu walikuta kaburi lenye maandishi ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, ambalo limekuwa kama saa ya kupimia umri wa majengo mengine. Walikuta vyombo vya kaure vya Uchina, sarafu za Kichina, ushanga wa Venice, taa ya chuma, mkasi, kauri. Na nyumba nyingi zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, kwa kuwa majina ya wenyewe hayakujulikana. Ndivyo tulivyo leo na Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Kauri, jambo linalochekesha kidogo na kuhuzunisha kidogo: mtu alijenga nyumba ya mawe, akaitia zidaka na choo cha kutawadhia, akazaa na kuzikwa, na jina lililobaki mlangoni pake ni la kitu alichokipoteza.

Hayo ya kaure na ushanga hutajwa katika kila kitabu cha watalii. Jambo ninalotaka kukaa nalo ni dogo kuliko hayo, na kwa mawazo yangu ni kubwa kuliko yote. Karibu na milango, chini ya sakafu, wachimbaji walikuta vyungu vilivyofukiwa kwa makusudi. Havikuwa vyungu vya akiba wala vya mapishi. Watu wa pwani walivijua kwa jina: fingo.

Fingo ni kinga. Mganga hukitengeneza chungu, hutia ndani yake dawa au maandishi, humwita jini na kumpa makao humo, kisha chungu hufukiwa pale ambapo mwenye nia mbaya hana budi kupita. Mwema hupita salama. Mwizi au adui akipita, huchanganyikiwa, na huenda akapata wazimu. Kwa hiyo yule Wazee anayesemwa kwamba humfuata mwenye kuiba kigae si masimulizi matupu ya watu waliotishwa na giza la miti. Watu wa Gede wenyewe, wakiwa hai, waliweka walinzi wasioonekana mlangoni. Hapa uchunguzi wa jembe na mwiko ulifanya ambalo kipima sumaku hakiwezi kulifanya. Haukumwona jini, lakini ulikiona chumba alichopewa.

Yafaa nitoe tahadhari. Jina fingo tumelipokea kutoka kwa watu wa karne zetu na kulibandika juu ya chungu cha karne ya kumi na tano au kumi na sita. Hatukumsikia mwenye nyumba akilitamka. Hata hivyo hatubuni kitu. Neno hilo limo katika Kiswahili, na, jambo muhimu zaidi, limo pia kayani. Kila Mnyika wa zamani, kama walivyoitwa kwa dharau, yaani kila Mmijikenda, alijua kwamba kaya yake ina fingo: ile dawa ya ukoo ambayo masimulizi yasema ililetwa na mababu kutoka Singwaya, ikafukiwa mahali pa siri ndani ya msitu, na kaya yote ikasimama juu yake. Kaya bila fingo ni kijiji tu. Katika mji wa mawe, wenye msikiti na kaure za Uchina, na katika boma la miti na udongo ndani ya msitu, tunakuta wazo moja, kwamba makao ya watu hulindwa na kitu kilichofukiwa, na jina la kitu hicho ni moja. Wataalamu wa lugha nao wametuonyesha kwamba Kiswahili na lugha za Mijikenda ni watoto wa mama mmoja, kundi la Sabaki. Mtu akikubali hayo, ataanza kuwatazama Wazee wa Gede kwa namna nyingine.

Lakini siku zile haikutazamwa hivyo. Kitabu ambacho Kirkman alikitoa mwaka 1954 juu ya msikiti mkuu kiliuita Gede, katika jina lake lenyewe, mji wa Waarabu. Hakuwa peke yake, wala sitaki kumwonea: ndivyo walivyoona wengi wa kizazi chake, kwamba jiwe na chokaa vilikuja kwa jahazi, na Mwafrika alikuwa kibarua, mtumwa au adui aliye nje ya ukuta. Na kwa kuwa Wareno, waliokaa Malindi karibu miaka mia moja baada ya Vasco da Gama kufika mwaka 1498, hawakuutaja mji huu kwa jina la Gede, ingawa uko maili kumi tu kutoka kwao, likazuka neno ambalo halikuondoka tena vinywani: siri. Mji wa siri, mji uliopotea, mji ambao haijulikani ni wa nani.

Nadhani neno hilo lilifanya kazi kubwa kuliko mzuka wowote. Mji uliopotea hauna warithi. Ukisema hapana ajuaye wenyewe ni akina nani, umekwisha kumwambia Mgiriama na Mswahili waliosimama langoni kwamba si wao. Kisha unaweza kuwaachia mizuka iwe ni fungu lao: historia iwe ya wageni, na hofu iwe ya wenyeji. Tazama hata mgawanyo wa vitu. Kaure ilichorwa na kusifiwa, lakini sehemu kubwa kabisa ya vigae vilivyotoka katika ardhi ya Gede ni vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa huku huku kwetu. Juu ya mlango mmoja wa msikiti mkuu limechongwa umbo la mkuki mpana, alama ambayo haikuletwa na jahazi lolote. Na baina ya kuta mbili za mji walikaa watu wengi katika nyumba za udongo na makuti, nyumba ambazo zimekwisha yeyuka, ndiyo maana hazimo katika picha.

Hata kule kuhamwa kwa mji hakuna siri kubwa. Wazimba waliishambulia pwani, wakaingia Mombasa mwaka 1589, wakavunjwa nguvu karibu na Malindi. Baadaye kidogo Wareno na mtawala wa Malindi walihamia Mombasa, na biashara ikawafuata. Waoromo walishuka kutoka kaskazini. Maji nayo yalipungua; iko dalili kwamba kisima kimoja kilichimbwa zaidi ili kuyafuata yalikoshukia. Mji wenye taabu tatu au nne kwa pamoja huhamwa, na Gede ilihamwa katika karne ya kumi na saba. Hakuna haja ya laana.

Kizazi cha wataalamu kilichofuata kilirekebisha mengi. Chapurukha Kusimba, George Abungu na Mark Horton, kwa kutaja wachache, walionyesha katika sehemu mbalimbali za pwani kwamba miji hii ilikua kutoka katika vijiji vya Waafrika wakulima na wavuvi, na kwamba Uislamu na biashara ya ng'ambo viliingia katika jamii iliyokwisha kuwapo. Kuanzia mwaka 1999 Mfaransa Stéphane Pradines alichimba Gede tena, upande wa kaskazini, akakuta mabaki yaliyotangulia kaburi la mwaka 1399 kwa karne kadhaa. Na mwaka 2023 ulitolewa utafiti wa mifupa ya watu 80 wa zamani wa pwani na bara yake, Gede haikuwamo, ambao ulionyesha kwamba akina mama wa miji hiyo walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika, na kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi walioana na wanaume waliotoka Uajemi. Wenye kupenda jibu jepesi, la upande huu au la upande ule, hawakufurahi.

Sitaki nieleweke kwamba watu wa vijiji vya leo ni mashahidi wa mji ule. Waliokuwa na nchi ile baada ya mji kuhamwa walikuwa Waoromo kwa muda mrefu, na Wagiriama walisambaa kaskazini mpaka mto Sabaki katika karne ya kumi na tisa. Waliyakuta magofu ni magofu. Masimulizi ya Wazee si kumbukumbu ya sheikh fulani wala ya mwaka fulani. Ni jambo jingine: ni namna ya mgeni mwenye adabu anapokuta nyumba isiyo na mtu. Haingii na kuchukua. Husema, hapa pana wenyewe, hata kama siwajui. Na huwaita Wazee, kwa neno lile lile amwitalo babu yake.

Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Mwezi wa Agosti mwaka 1914, katika vita vya Wagiriama vilivyochochewa na maneno ya Mekatilili wa Menza, serikali ya kikoloni iliiteketeza Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, na kuilipua kwa baruti, kwa kuwa iliona kwamba kiapo kilicholiwa humo ndicho kilichowafanya watu wakatae kazi ya kulazimishwa, kodi na uaskari. Miaka 13 baadaye serikali ile ile iliitangaza Gede kuwa mahali pa kuhifadhiwa. Penye wenyewe walio hai, wanaoijua njia ya kuingilia na wimbo wa kuingilia, palitiwa baruti. Na penye wenyewe waliokufa, tena waliosemwa kuwa ni wageni, paliwekwa mlinzi na bango. Sijui mfano mwingine katika pwani yetu unaoeleza waziwazi zaidi jinsi mtawala alivyochagua mizimu ya kuheshimu.

Wala madhara hayakwisha na ukoloni. Mgiriama wa chama cha Gohu akifa, wanawe humsimamishia kigango, mti uliochongwa kwa nakshi za pembetatu, mara nyingine mrefu kuliko mtu. Kigango si sanamu ya pambo. Hakihamishwi hata jamaa wakihama. Kuanzia miaka ya 1970 vilianza kung'olewa usiku na kuuzwa kwa wafanya biashara, navyo vikavuka bahari mpaka katika nyumba za matajiri na majumba ya makumbusho ya Marekani. Aliyeving'oa alikuwa mara nyingi kijana wa huku huku, aliyekwisha kuambiwa shuleni na kwingineko kwamba koma ni ushirikina. Hofu ilipoondoka, haikubaki heshima mahali pake, ilibaki bei. Mwaka 2007 vigango viwili vilirudishwa kutoka Marekani, na vingine vimefuata, lakini vilivyobaki huko ni vingi mno. Misitu ya kaya nayo ilipungua kwa njia hiyo hiyo, shoka likifuata pale ambapo wazee hawakusikilizwa tena, mpaka iliyobaki ilipoandikwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia.

Gede yenyewe imeandikwa katika orodha hiyo mwaka 2024. Siku hizi watembezaji wageni, wengi wao vijana wa pale pale, huonyesha kaburi la 1399, kisima, mlango wenye mkuki, kisha husimulia habari za Wazee, na mgeni hutabasamu au hutazama nyuma yake. Nimewahi kumsikia mmoja akiulizwa kama mahali hapo pana mizuka. Alijibu kwamba mizuka hapana, wako wenye nyumba. Wale wageni walidhani ni mzaha.

Sehemu kubwa ya zile eka 45 bado haijachimbwa. Nyumba za mawe zilizosafishwa ni chache, na katika uwanda ulio baina ya ukuta wa ndani na ule wa nje, walikokaa wafinyanzi, wakulima na wenye kuchota maji, miti imesimama kama ilivyokuwa. Chini yake mmelala vyungu, na katika hivyo, pasipo shaka, mna vilivyofukiwa kwa makusudi.